Karisi ya Mwindo: wimbo mrefu wa Walikale ulitoka wapi?

Wasomi wenzangu, ukiandika jina la Walikale ku intaneti, utaletewa kasiterite ya Bisie. Ukiandika Masisi, utaletewa koltani ya Rubaya, na baadaye vita. Watu wengi wanajua kitu gani kinatoka chini ya udongo wetu. Wachache sana wanajua kwamba Walikale ilitoa pia kitabu ambacho wanafunzi wa fasihi huko Marekani wanakisoma darasani. Kitabu hicho kilitoka mu kinywa cha mtu mmoja wa kijijini, aliyekuwa anaimba.

Wimbo wenyewe Banyanga wanauita karisi. Shujaa wake ni Mwindo. Kwa Kiswahili tungesema ni utendi: hadithi ndefu ya shujaa, inayoimbwa, inayosimuliwa na kuchezwa. Leo nataka tujiulize swali moja tu: ulitoka wapi? Nani aliutunga?

Nachagua swali hili kwa makusudi. Huku kwetu "asili" ni neno zito. Tunaliuliza juu ya udongo, juu ya kiti cha mwami, juu ya jina la mtu, na mara nyingi jibu linaleta damu. Tukiliuliza juu ya wimbo, labda tutajifunza kuliuliza vizuri zaidi.

Kwanza, hadithi yenyewe

Kwa wale ambao hawakuisikia kwa bibi, naifupisha. Kijijini Tubondo kulikuwa mwami anaitwa Shemwindo. Akatoa amri kwa wake zake: wazae wasichana tu, mtoto mwanaume hamtaki. Mke wake mpendwa, Nyamwindo, akazaa mwanaume, na hakutoka kwa njia ya kawaida: alitokea ku kidole cha mama. Alizaliwa anasema, anatembea, na mu mkono ameshika usinga unaoitwa conga. Njo maana wanamwita Kabutwakenda, ni kusema yule aliyezaliwa tu akatembea.

Baba akajaribu kumuua. Akamtupia mikuki, akamzika, mwisho akamfunga ndani ya ngoma na kumtupa mu maji. Mtoto hakufa. Alisafiri ndani ya ile ngoma kumtafuta shangazi yake Iyangura, aliyekuwa ameolewa na Mukiti, nyoka mkubwa wa majini. Akaenda kwa wajomba zake, ambao ni popo na wahunzi, wakamtengeneza mwili kwa chuma. Akarudi kupiga Tubondo kwa msaada wa Nkuba, radi. Baba akakimbia: aking'oa mmea wa kikoka, akaingia chini ya ardhi pale mizizi ilipokuwa, akateremka mpaka kuzimu kwa Muisa.

Mwindo akamfuata huko. Hakumfuata ili amuue. Alimrudisha nyumbani, na wakagawana utawala. Hadithi haiishii hapo, juu Mwindo mwenyewe akawa na kiburi. Aliua Kirimu, joka la vichwa saba, lililokuwa limemeza Batwa wake wa kuwinda. Lakini Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, na Nkuba akamchukua Mwindo juu mbinguni mwaka mzima, akapigwa na mvua, baridi na jua. Aliporudi, alikuwa mwami mwingine. Aliwapa watu sheria za kuishi pamoja, na mwimbaji anafunga na fundisho hili: kila mtoto anayezaliwa apokelewe, akiwa mzima ao mwenye ulemavu.

Angalia mzunguko wake: hadithi inaanza na amri ya kukataa mtoto, inaisha na fundisho la kumpokea kila mtoto.

Jibu la kwanza: ilitoka kwa Karisi

Ungemuuliza mwimbaji mwenyewe "nani alitunga?", hangekutajia mtu. Kwa Banyanga, Karisi ni jina la utendi, na ni jina la roho pia. Roho hiyo ndiyo inamchagua mtu, inamtaka aimbe. Mwenye kuimba anaitwa She-Karisi, baba wa Karisi. Kuimba ni kazi aliyopewa, na inaaminika inamkinga na magonjwa na kifo. Haimbi kwa sababu ana sauti nzuri tu.

Wengine watasema hii ni imani ya zamani, tuipite. Mimi naona tusiipite haraka. Ndani yake kuna kanuni ya haki miliki: wimbo hauna mwenyewe. Mwimbaji ni mtunzaji tu. Hakuna ukoo unaoweza kusimama na kusema "hii ni yetu, ninyi msiiimbe".

Jibu la pili: ilitoka kwa aliyepiga fito

Sasa tuangalie namna inavyoimbwa, juu asili ya kitu kama hiki inajificha mu namna yake ya kupita kutoka mtu hadi mtu.

She-Karisi anasimama mbele ya watu. Mkono mmoja ameshika usinga wa conga, sawa Mwindo mwenyewe. Mkono mwingine ana kibuyu chenye mbegu ndani, anakitikisa. Anasimulia, anaimba, anacheza, anaigiza: akifika fasi Mwindo anatembea, yeye anatembea, Mwindo akipigana, yeye anapigana. Pembeni kuna vijana watatu. Mbele yao kuna kipande cha mti kimewekwa juu ya vijiti vidogo ili kisiguse chini, na wanakipiga kwa fito. Hao vijana ndio wanaitikia wimbo. Watazamaji wanaitikia pia, wanatoa zawadi: chakula, pombe, pesa kidogo.

Karisi nzima haiimbwi kwa siku moja. Leo kipande hiki, siku nyingine kipande kile, kulingana na watu wanataka nini na mwimbaji ana nguvu gani.

Wale vijana watatu ndio shule yenyewe. Hakuna daftari, hakuna mtihani. Kijana anapiga fito miaka na miaka, anaitikia, anasikia hadithi ileile ikisimuliwa kwa njia mbalimbali, mpaka siku moja anashika usinga yeye mwenyewe. Candi Rureke, yule She-Karisi ambaye maneno yake yaliandikwa, alijifunza hivyo. Alikuwa msaidizi wa mzee mmoja, Kanyangara. Naye Kanyangara aliipokea kwa Bishusha. Hapo majina yanakatika, lakini mnyororo haukatiki: nyuma ya Bishusha kulikuwa mwingine, na mwingine.

Basi jibu la pili liko hivi: karisi ilitoka kwa yule aliyekubali kwanza kukaa pembeni na kupiga fito.

Jibu la tatu: soma vipande vyake

Sisi wa kilimo tunafundishwa kwamba ukitaka kujua shamba lilikuwa na historia gani, usimuulize mwenye shamba tu. Angalia udongo. Tufanye vilevile na karisi, tuangalie imetengenezwa na nini.

Kipande cha kwanza ni moto. Kule chini ambako Shemwindo alikimbilia, Banyanga wanakuweka upande wa volkano, kwirunga. Sikia jina hilo: kwirunga na Virunga ni mzizi mmoja. Mungu wao wa moto anaitwa Nyamurairi, na sisi wote tunajua mlima Nyamulagira unaowaka usiku. Mtu aliyekaa ndani ya msitu wa Walikale tu asingeweza kuota kuzimu ya namna hiyo. Watu waliobeba hadithi hii walipita karibu na milima ya moto, ao walikuwa na ndugu huko. Na kweli masimulizi ya Banyanga yanasema wahenga walitoka mashariki, upande wa Uganda ya leo, wakavuka mpaka kuingia msitu.

Kipande cha pili ni ndizi. Huko kuzimu Muisa anampa Mwindo mtihani: alime shamba jipya la migomba na avune siku ileile. Mwindo anaweka vyombo vyake chini, na vyombo vinafanya kazi vyenyewe: vinakata miti, vinapanda, na ndizi zinaiva. Agronome yeyote anacheka hapo, juu tunajua mgomba unataka mwaka mzima ao zaidi. Lakini mtihani huo unaonyesha kitu: kwa watu hawa kufyeka msitu na kupanda mgomba ndiyo ilikuwa kazi ya mwanaume, na ndiyo ilikuwa ndoto yao pia, ile ya kazi kuisha bila jasho.

Kipande cha tatu ni asali na mawindo. Mtihani mwingine wa Muisa ni kuvuna asali juu ya mti. Na vita vya joka vinaanza juu ya Batwa waliotumwa kuwinda nguruwe wa porini. Asali, mbwa wa kuwinda, nyavu, njia za msituni: hii iko elimu ya Batwa. Wao walikuwa ndani ya msitu kabla ya mtu wa ndizi kufika. Banyanga waliishi nao, wakaoana nao, wakapokea mila zao. Ndani ya karisi Batwa hawako wageni. Ni mmoja wao anayeponea joka na kuleta habari kwa Mwindo. Bila Mutwa huyo, sehemu yote ya mwisho isingekuwepo.

Kipande cha nne ni majirani. Mtoto anayezaliwa akiwa tayari anasema na kutembea hapatikani kwa Mwindo tu. Bamongo wa magharibi wana Lianja, na padri Edmond Boelaert alichapisha hadithi yake mwaka 1949. Balega, ambao ni majirani zetu wa kusini, wana shujaa wao Mubila. Hadithi hizi hazifanani mstari kwa mstari, lakini zinapumua hewa moja. Msitu wa Kongo haukuwa ukuta. Ulikuwa njia ya kupitia, na watu walipita na nyimbo zao.

Ukiweka vipande hivi pamoja, unaona moto wa mashariki, migomba ya wakulima, asali ya Batwa, shujaa anayefanana na wa majirani. Nani basi aliutunga? Wote hao, na kila mmoja aliongeza bila kuomba ruhusa.

Kila mwimbaji anatunga tena

Kuna jambo ambalo wataalamu walichelewa kulielewa. Walifikiri mwimbaji wa utendi anakariri maneno sawa vile mtoto anavyokariri sala. Miaka ya 1930, Mmarekani Milman Parry na mwanafunzi wake Albert Lord waliwasikiliza waimbaji wa Yugoslavia. Walikuta kwamba mwimbaji hakariri: ana vipande, ana misemo, ana njia ya hadithi, halafu anaijenga upya kila mara anapoimba. Lord aliyaeleza hayo mu kitabu chake cha mwaka 1960.

Rureke alikuwa anafanya hivyo hivyo. Katikati ya hadithi anaingiza nyimbo ambazo mara nyingi hazihusu Mwindo moja kwa moja. Anaweka methali, anasema juu ya yeye mwenyewe, anawakumbusha watu kutoa zawadi. Ni kama sahihi ya mwimbaji ndani ya kazi ya wahenga. Na mtafiti Daniel Biebuyck alipochapisha mwaka 1978 matoleo mengine ya utendi wa Banyanga, watu waliona kwamba hayalingani. Hakuna lililo "la kweli" na mengine kuwa makosa.

Hii haiko tabia yetu peke yetu. Kule Québec, ambako ndugu zetu wengi wamehamia, kuna muziki wa violoni wa kucheza unaoitwa rili. Aina hiyo ilifika na Waskoti na Waairishi, Wafaransa wa huko wakaichukua, wakaanza kupiga mdundo kwa miguu hali wamekaa, na leo wanaiita yao. Moja inaitwa "Reel du pendu", rili ya mtu wa kunyongwa. Wanasimulia kwamba mfungwa aliambiwa: ukiweza kupiga violoni hii, utaachwa huru, nayo nyuzi zake zilikuwa hazikupangwa vizuri, lakini akapiga, akapona. Mtunzi wake hatajwi, hadithi inatajwa. Watu wasipokuwa na jina la mtunzi wanaweka hadithi pale jina lingekaa. Banyanga waliweka roho Karisi, watu wa Québec waliweka mfungwa.

Mwaka 1956

Sasa tufike ku karatasi. Biebuyck alikuwa Mbelgiji, mtaalamu wa mila na desturi, na alifanya kazi kwa Banyanga miaka ya 1950. Mwaka 1956, kijijini Bese, upande wa Kisimba, alikutana na Rureke. Akamwomba kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amemwomba: aimbe karisi yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kazi ilichukua siku 12. Rureke aliimba, akasimulia, akacheza, na watu wakaandika.

Hapo sisi wenye kusoma tusimame kidogo. Biebuyck hakufanya peke yake. Kuandika Kinyanga, kukielewa na kukitafsiri, kulitaka Banyanga wenyewe. Mmoja wao ni Kahombo Mateene, na jina lake liko ku jalada la kitabu pamoja na la Biebuyck: "The Mwindo Epic", kilichotoka California mwaka 1969, na maandishi ya Kinyanga yamo ndani. Mateene huyo alikuwa mtaalamu wa lugha, na baadaye akaongoza kule Kampala ofisi ya lugha ya Umoja wa nchi za Afrika, OUA. Mtoto wa Kinyanga alifika huko kwa kuanzia na lugha ya mama yake.

Kitabu kilifika wakati mzuri. Mwaka 1970 Ruth Finnegan alitoa kitabu kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika, na humo alikuwa na mashaka kama Afrika ina utendi kweli, sawa ule wa Wagiriki. Mwaka 1979 Mnigeria Isidore Okpewho akajibu kwa kitabu kizima, na Mwindo alikuwa mmoja wa mashahidi wake. Sauti ya Bese iliingia mu mabishano ya dunia.

Lakini tusidanganyane. Rureke alivyoimba zile siku 12 haikuwa kawaida. Kawaida ni vipande, usiku, mbele ya watu wanaojua hadithi. Kitabu kilishika toleo moja la mtu mmoja wa mwaka mmoja. Nikitaja mfano wa kilimo: mkusanyiko mkubwa wa migomba ya dunia uko Leuven, Ubelgiji, zaidi ya aina 1,500, mimea midogo ndani ya vichupa vya glasi. Ni hazina, na ugonjwa ukimaliza mashamba yetu tutaenda kuomba huko. Lakini mgomba ndani ya kichupa hauzai ndizi, haukutani na mnyauko, haujifunzi udongo. Tazama pia mama wa Masisi anavyopanda maharagwe: anachanganya aina nyingi mu shamba moja, na kila msimu anachagua tena mbegu. Karisi ilikuwa ikiishi namna hiyo, ya kuchanganya na kuchagua tena. Kitabu ni kile kichupa cha Leuven. Tunakihitaji vyote viwili.

Kinachokatika sasa

Mnyororo wa karisi ulihitaji vitu vitatu: mzee anayejua, vijana watatu wenye muda, na jioni tulivu. Vita vinaondoa vyote vitatu kwa mara moja. Miaka hii watu wa Pinga, wa Kisimba, wa Osso-Banyungu wamekimbia mara ngapi? Mwaka 2025 mapigano yalifika Masisi-centre mwezi wa Januari na Walikale-centre mwezi wa Machi. Mzee anayekimbia na mgongo wake habebi vijana watatu. Na kijana ambaye angepiga fito, wengine wamempa silaha, wengine wamempa koleo la machimbo.

Halafu kuna hasara nyingine isiyoonekana. Kila kundi linapojifungia na kusema "sisi ndio wa kwanza", hadithi iliyotengenezwa na wote inakuwa bila wazazi. Munyanga hataki kusikia Batwa walimpa kitu. Muhunde hataki kusikia hadithi ya jirani. Lakini karisi iko pale, na vipande vyake vinasema.

Kwa hiyo naomba tufanye kazi ndogo, wala haihitaji mradi wa shirika. Wengi wetu tuko na telefoni inayorekodi. Kila mmoja ana bibi, mzee ao mjomba, hata kama leo anakaa kwa familia ya kumpokea huko Goma. Kwanza mwombe ruhusa, na umweleze sauti yake itaenda wapi. Rekodi kwa lugha yake, usimlazimishe Kiswahili. Andika tarehe na kijiji alikojifunzia. Akikwambia amesahau, mwombe kipande tu, wimbo mmoja, methali moja. Usimsahihishe kwa kitabu cha 1969, juu toleo lake lina haki sawa. Na wenzetu wa Batwa tuwaendee kama walimu, tuandike majina yao sawa vile jina la Mateene liliandikwa ku jalada.

Na kabla ya kufunga telefoni, uliza swali hili moja: "Mzee, wewe ulisikia kwa nani?" Rureke alijibu Kanyangara, na Kanyangara alisikia kwa Bishusha. Tunajua majina hayo kwa sababu mwaka 1956 mtu aliuliza na mwingine akaandika.